Ukimtoa nje mtoto anayelikimbia somo, umempa alichokitaka (walimu wa Kigoma na Tabora tuongee)

TichaMwanga (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu, hasa walimu wenzangu wa msingi huku Kigoma na majirani zetu wa Tabora. Kila tukikaa ofisini mada ni ileile, darasa halikaliki, huyu kamchoma mwenzake na kalamu, yule anaomba ruhusa ya chooni kila baada ya dakika kumi, nyuma kule wanagombania raba, na majibu yetu yanakuwa mawili tu, fimbo au "toka nje". Fimbo najua itajadiliwa humu hata nisipoitaja. Mimi naanza na toka nje, maana ndo inayotumika kila siku na wengi tunaiona ni adhabu ndogo isiyo na madhara.

Chukulia mtoto wa darasa la tatu ambaye kugawanya hakujui. Kipindi cha hisabati kikianza tu moyo unaenda mbio, anajua ataitwa ubaoni na wenzie watacheka. Anamtandika jirani yake kofi. Mwalimu anafoka, toka nje! Mtoto anatoka, anakaa chini ya mwembe anachora chini kwa kijiti, dakika arobaini zinaisha, kugawanya kumempita bila kuguswa. Kesho kipindi cha hisabati atafanya nini? Atatafuta wa kumpiga tena, na kwa akili yake yuko sahihi kabisa, maana jana kofi lilimtoa kwenye mateso.

Wale tuliosoma saikolojia ya elimu chuoni tunamkumbuka Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani. Alichosema ni kwamba tabia inayofuatiwa na kitu ambacho mtu anakitaka inarudi tena. Na hicho kitu kinaweza kuwa kupata, mfano sifa, peremende, au darasa zima kukugeukia, au kinaweza kuwa kuondokewa na kero. Vyote viwili vinaimarisha tabia. Huyo mtoto wa kofi ameimarishwa kwa kuondolewa kero, na aliyemwimarisha ni mwalimu mwenyewe bila kujua.

Sasa taimu auti yenyewe, ile ya wataalamu, sio hii ya kumfukuza mtu. Mwaka 1964 Montrose Wolf na wenzake kule Marekani waliandika habari za mtoto wa miaka mitatu na nusu, mwenye usonji, aliyekuwa na hasira za kujiumiza, wakawa wanamweka chumbani peke yake kwa muda hasira zikianza, huku wakimlipa mazuri kila akifanya kinachotakiwa. Jina lake refu ni kuondolewa kwa muda kwenye mambo mazuri. Kwa hiyo kama pale unapomtoa hapakuwa na zuri lolote, hujamwondoa popote, umempumzisha tu.

Ndo hoja yangu, wakuu. Kabla ya kufikiria kumtoa mtoto, jiulize darasani kwako anapoteza nini akitoka. Kama jibu ni kufokewa, kukaa wanne dawati moja na kunakili ubaoni, taimu auti haitafanya kazi hata uifanye kwa ustadi gani. Anza na pongezi, michezo, majukumu, jaza darasa vitu ambavyo mtoto hataki vimpite. Karibuni.

KasuluKwetu

Mkuu uzi mzuri ila mimi nina watoto zaidi ya mia mkondo mmoja, tangu elimu bila malipo ianze 2016 hatujawahi kupumua. Hao Wamarekani wana watoto ishirini na kitu na msaidizi juu. Mimi nikianza kumpongeza mmoja mmoja kengele itagonga sijaandika hata tarehe ubaoni. Tupe kitu cha huku.

TichaMwanga

@KasuluKwetu swali lako ndo la muhimu kuliko yote, ngoja nilijibu taratibu.

Kuna mchezo ulijaribiwa Kansas mwaka 1969 na Barrish, Saunders na Wolf, darasa la nne lenye watoto 24, wenyewe wanauita mchezo wa tabia njema. Darasa ligawe timu mbili. Kanuni chache, usisimame bila ruhusa, usiongee bila ruhusa. Mmoja wa timu akivunja, timu nzima inapata alama ubaoni. Timu yenye alama chache inashinda, na zote zikibaki chini ya kiwango mlichokubaliana zote zinashinda. Zawadi ilikuwa vitu vya kawaida kabisa, kutangulia foleni ya chakula, nyota kwenye chati, muda wa kufanya mnachokipenda mwisho wa siku. Hamna pesa hapo.

Ukubwa wa darasa hauuharibu, tena nadhani unausaidia, maana usimamizi wanaufanya wao kwa wao. Huku mimi natumia mistari ya madawati badala ya timu mbili. Mstari ulioshinda unatoka kwanza mapumziko, wa kwanza kufika uwanjani ndo anachukua mpira wa makaratasi, na mnajua chandimu kwa hawa watoto ni nini. Wasichana wao wanawahi nafasi ya rede. Hiyo zawadi haininunulishi hata peremende.

Halafu kuna lile karatasi la monita la majina ya wapiga kelele. Kila shule nchi hii inalo. Fikiria linafanya nini, mtoto anayetaka kuonekana anaandikwa jina lake ubaoni kwa herufi kubwa, linasomwa kwa sauti, darasa zima linamwangalia. Tumemlipa. Mimi monita wangu anaandika waliokuwa wanafanya kazi mwalimu alipotoka. Watoto waleyale waliokuwa wanagombania kuwa wakorofi wanagombania kuandikwa huku, na anayepiga kelele hapati hata herufi moja.

Tahadhari moja. Kwenye ule mchezo wa Kansas kulikuwa na watoto wawili waliokuwa wanaichafulia timu yao makusudi, wakatengwa wasihesabiwe na timu. Huku ni lazima uliangalie hilo, usije ukaacha watoto arobaini wakamsubiri mmoja njiani wamwadhibu kwa sababu amewakosesha mpira.

BintiUjiji

Mimi sio mwalimu, mimi ni mzazi, naomba niongee. Mwanangu alikuwa anatolewa nje mara kwa mara, mimi najua yupo darasani, kumbe watoto wanaotolewa nje hawakai chini ya mwembe kama mnavyodhani walimu. Wanashuka mwaloni, kule ufukweni boti za uvuvi zinapotia nanga. Wanasaidia kuanika dagaa, wanapewa vijihela, saa sita wanarudi kuchukua madaftari kama kawaida. Niligundua kwa harufu ya nguo. Nilienda shuleni nikaongea kwa heshima na mwalimu wake na alinisikiliza, namshukuru kwa hilo. Lakini naomba mjue, ukimtoa mtoto machoni pako kule nje kuna ziwa, kuna pikipiki, kuna watu wazima wasiojulikana. Mimi nimekukabidhi mtoto asubuhi, kama amekukera muweke pembeni lakini umuone.

TichaMwanga

Dada BintiUjiji asante sana na hongera kwa kwenda shuleni, wazazi wengi wanaishia kulalamika nyumbani. Umesema kitu ambacho kwenye taimu auti hakina mjadala, mtoto anabaki machoni pa mwalimu. Hafungiwi stoo, haendi nyuma ya madarasa, hapigi magoti juani. Na nyongeza uliyoisema inaumiza zaidi, huyo mtoto alikuwa analipwa pesa kwa kutolewa nje! Mwalimu anadhani anaadhibu huku mwaloni kuna mtu anatoa mshahara.

Kwa darasa lisilo na nafasi kuna njia za kumpumzisha mtoto bila kumsogeza hata hatua. Foxx na Shapiro mwaka 1978, kwenye darasa la watoto wenye ulemavu wa akili, kila mtoto alivaa utepe shingoni. Ukiwa na utepe unapata sifa na vitu vizuri, ukikosea utepe unatolewa dakika tatu, unabaki palepale lakini mazuri yanakupita. Huku unaweza tumia kadi ya boksi la chaki juu ya dawati. Kadi ikiwa imelala mtoto haitwi ubaoni, hagawi madaftari, hahesabiwi kwenye mchezo, dakika zikiisha kadi inasimama. Mwalimu haongei maneno mengi, haweki hotuba, maana hotuba nayo ni macho ya watu.

MzeeWaChaki

Vijana wa kazi. Nimestaafu, nimefundisha Kibondo na baadaye Nzega. Nimewasoma nimefurahi kuona mada kama hii. Niwaulize, mbona hamna aliyegusa fimbo wakati ndo iliyopo kwenye madarasa yenu?

Mlandizi_88

Shikamoo mwalimu. Mimi naigusa. Nimechapwa nikasoma nikafika, na wenzangu wote humu walichapwa. Hizi za kubembeleza mtoto na kadi za boksi zinatuletea kizazi kisichoogopa mtu. Mtoto wa huku nyumbani anachapwa, akifika shule ukimwekea kadi anaona mwalimu ni mdhaifu, nimeshuhudia.

MzeeWaChaki

Marahaba kijana. Nakujibu bila hasira maana hilo nililiishi miaka mingi.

Kwanza sheria. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, kwa makosa makubwa, na iandikwe kwenye daftari la adhabu. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Sasa niambie, unayemchapa kwa kupiga kelele au kuchelewa, daftari liko wapi? Ruhusa iko wapi? Mwaka 2018 kule Bukoba mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kuchapwa shuleni na mwalimu akafika Mahakama Kuu. Kijana, mtoto wa watu aliondoka asubuhi na sare.

Pili, unasema walioogopa walisoma. Umewahesabu walioacha? Mimi nilikuwa nashika rejesta. Walioacha shule hawako kwenye huu uzi kusema fimbo iliwafanya nini.

Tatu, fimbo inazima kelele papo hapo na ndo inavyotushika sisi walimu. Unachapa, kunatulia, na utulivu ule ni malipo yako wewe mwalimu, kesho unachapa tena. Hii kanuni ya huyo Skinner haiwashiki watoto peke yao. Mtoto kajifunza kutulia ukiwa na fimbo mkononi, mpe mwalimu wa BTP, yule mwanachuo anayekuja kwa mazoezi ya kufundisha, darasa lako uone.

Mlandizi_88

Hilo la mwalimu wa BTP ni kweli kabisa aisee, wanateseka sana wale. Bado naona kuna watoto hawashikiki lakini hoja ya rejesta nimeipokea mwalimu.

MnyamweziUrambo

Wakuu mimi nipo sekondari huku Urambo, kidato cha pili. Niwaambie kwa wakubwa hizi nyota na makofi ya kilo hazifai, ukimsifia kijana wa miaka kumi na sita mbele ya wenzake umemuaibisha, wataanza kumwita mtoto wa mwalimu na kesho atavuruga makusudi ili ajisafishe. Kwa hawa pongezi inaenda pembeni, unapita unaweka kidole kwenye daftari unasema hii njia uliyotumia ni nzuri, unaondoka. Au unaandika mstari mmoja chini ya kazi yake. Inatosha na wanaisoma mara kumi.

Jingine ni hili, kabla hujachagua zawadi wala taimu auti ujue tabia inatoka wapi. Msimu wa tumbaku vijana wangu wanalala mabanini, kule tumbaku inakokaushwa, wanachochea moto usiku kucha, asubuhi wanakuja macho mekundu, ukimgusa anakujibu vibaya. Huyo hana tatizo la nidhamu, hajalala. Nimekubaliana nao wanaotoka bani waniambie kipindi hakijaanza, nawapa dakika chache za kulaza kichwa, ugomvi umepungua sana.

TichaMwanga

@MnyamweziUrambo hapo umenigusa, huku kwetu ni dagaa. Boti zinavua usiku kwa taa, giza likiwa nene ndo kuna kazi, na asubuhi watoto wanapita mwaloni kuanika kabla ya shule. Mbalamwezi ikiwa kali boti zinapumzika, na darasa langu wiki hizo linakuwa tofauti kabisa, wametulia, wanajibu. Mwalimu asiyejua kalenda ya mwezi wa Kigoma atadhani watoto wamebadilika tabia.

HerujuuMwl

Mwakeye ndugu zangu. Mimi nipo Buhigwe darasa la kwanza. Naongezea kwenye hilo la chanzo. Watoto wangu wengi nyumbani wanaongea Kiha, Kiswahili wanakikuta kwangu. Nilipoletewa darasa niliambiwa lina vurugu kuliko yote. Nikakaa nikaangalia vurugu inaanza lini, nikawa naweka alama kwenye daftari, kabla ilikuwa nini, baada yake nini. Kumbe inaanza kila nikitoa maelekezo marefu. Hawajanielewa, wanaulizana, sauti zinapanda, mimi naona kelele. Nilipofupisha maelekezo, nikaonyesha kwa vitendo, na neno gumu nikalisema kwa Kiha mara moja, nusu ya hizo "vurugu" ziliondoka bila zawadi wala kadi. Ningewatoa nje ningekuwa naadhibu lugha ya mama yao.

Mama_K

Kuna kitu kinanishinda. Kwenye semina walituambia tabia ya kutafuta macho ya watu uipuuze. Nina mmoja anagonga dawati. Nimempuuza, wiki ya kwanza ndo kagonga kwa nguvu zaidi, akaongezea na kuimba. Nikaona ni uongo nikaacha.

TichaMwanga

Mama_K hapo ulipoachia ndo palikuwa penyewe. Tabia iliyozoea kulipwa ukikata malipo huwa inapanda kwanza kabla haijashuka, ni kama mtu anayebonyeza swichi ya taa umeme umekatika, anabonyeza mara nyingi na kwa nguvu ndo anaacha. Sasa ukimpuuza wiki nzima halafu siku aliyoimba ukafoka, umemfundisha kwamba kugonga peke yake hakutoshi, inabidi aimbe pia.

Ila kupuuza peke yake nako hakutoshi. Madsen, Becker na Thomas walilijaribu mwaka 1968 kule Urbana, Illinois. Kutaja kanuni tu, karibu hamna kilichobadilika. Kupuuza bila pongezi, matokeo yalikuwa ya kubadilikabadilika. Walipounganisha kupuuza mabaya na kusifia mazuri ndo darasa likabadilika. Na mwaka huohuo Madsen na wenzake wakaangalia walimu wanaosema "kaa chini" kila mara, wakakuta kadiri walivyosema zaidi ndivyo watoto walivyosimama zaidi. Mkawaangalie watoto wenu kesho mtaliona.

Kwa hiyo huyo wa kugonga, msifie jirani yake aliyetulia, taja hasa anachofanya, "asante umeshaanza swali la pili", usiseme tu "vizuri". Halafu mkono wake ukitulia hata nusu dakika, wahi pale, mwite agawe madaftari. Na kupuuza ni kwa kero ndogo tu. Akipiga mtu au akirusha jiwe hapuuzwi, hapo unaingilia mara moja.

Mlandizi_88

Sasa hii ya kumpa mtoto kila akitulia si tunamfundisha rushwa? Atakuwa mtu mzima wa kusema nipe kwanza.

HerujuuMwl

Rushwa unampa mtu afanye kibaya au umnyamazishe akiwa anaharibu. Ukimpa peremende wakati analia ili anyamaze, hiyo ndo rushwa yenyewe na walimu na wazazi wengi ndo tunachofanya. Hapa anapata baada ya kufanya vizuri. Na haiendelei hivyohivyo, mwanzoni kila mara, akishazoea unaruka, mara nyingine unatoa mara nyingine hutoi, vitu vinapungua yanabaki maneno, baadaye ule ushindi wa kujua kusoma unamtosha mwenyewe. Mimi nikiwa na mtoto aliyesoma sentensi yake ya kwanza sihitaji kumpa kitu, uso wake unajieleza.

KasuluKwetu

Nimerudi. Nimejaribu mistari na naona mwanga, tena mstari wa nyuma ndo umetulia kuliko wa mbele. Sasa nibakishieni moja, huyu anayepiga wenzie hisabati ikianza, ni dakika ngapi nimuweke pembeni, na akirudi aombe radhi mbele ya darasa au vipi?

TichaMwanga

Mkuu safi sana. Dakika ziwe chache, wengi wanatumia dakika moja kwa kila mwaka wa umri na mara nyingi hata pungufu inatosha. Dakika arobaini hazimfundishi zaidi ya tano, zinamnyima somo tu. Ukae nae machoni, mwambie kosa kwa sentensi moja, "umepiga, kaa pale dakika tano", usibishane. Akiwa anapiga kelele palepale, subiri atulie kidogo ndo umrudishe, ili kelele isiwe ndo iliyomrudisha.

Kuomba radhi mbele ya darasa mimi sikushauri, unamrudisha jukwaani. Amwombe aliyempiga, wawili wao, na aliyepigwa umuangalie kwanza maana huwa tunamsahau.

Ila kwa huyu wako, unasema anapiga hisabati ikianza tu. Basi akirudi lazima akute swali lilelile alilolikimbia, sio jipya, lilelile, vinginevyo kofi limelipa. Na kwa sababu hajui kugawanya, usimpe maswali kumi, mpe mawili, mpe na kokoto ishirini za kugawia makundi, kaa pembeni yake lile la kwanza. Akilipata msifie palepale kwa jina la alichofanya. Halafu kesho yake usisubiri apige. Kipindi hakijaanza mwite aje achukue kokoto, mfanye swali moja ninyi wawili, ndo uandike mada ubaoni, na umuite aje afanye hilohilo mlilofanya. Lete mrejesho hapa ikienda au isipoenda, na niambie anakaa na nani dawatini.